Nyuzi 45 za darasani na tufe la uwanjani

Wiki moja kabla ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mwanafunzi wangu wa kidato cha tano anayerusha tufe alinifuata pembeni ya uwanja hapa Dodoma, vumbi jekundu likitupiga usoni. "Shikamoo mwalimu. Darasani ulisema kitu kikirushwa kwa nyuzi 45 ndipo kinafika mbali. Mbona kocha ananikataza?"

Kocha alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nimezungumzia kitu kinachotoka ardhini na kutua ardhini, usawa uleule. Tufe hutoka mkononi, juu ya bega, karibu mita 2 kutoka chini.

Hapo ndipo ninapoipendea milinganyo ya parameta. Huhangaiki kuibana njia yote ya tufe kwenye mlinganyo mmoja wa x na y; unaushika muda, t, kisha unauliza maswali mawili: limefika umbali gani (x), na liko juu kiasi gani (y)? Hapa v ni kasi ya kurushia, θ ni pembe ya kurushia, na h ni kimo linapoachiwa:

x = v cos θ · t
y = h + v sin θ · t − 4.9t²

Wa kwanza ni mwendo wa mlalo, kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Wa pili ni kupanda na kushuka, 4.9 ni nusu ya 9.8 ya mvutano wa dunia. Miwili hii haijuani, inachangia saa tu. Tafuta t ambapo y ni 0, uipeleke kwenye x, umepata umbali.

Tulihesabu kwa kijiti mchangani: v mita 10 kwa sekunde, h mita 2. Kwa nyuzi 45, tufe linakaa hewani sekunde 1.69 na kufika mita 11.92. Kwa nyuzi 40, sekunde 1.57, mita 12.04. Limewahi kutua na bado limekwenda mbali zaidi! Kijana alirudia hesabu mara mbili, akidhani nimemchezea.

Ni sentimita 12 tu, lakini utamu haujaisha. Mkono hausukumi sawasawa kila upande: kadiri unavyoelekeza juu ndivyo unavyopigana na uzito wa tufe, na v inapungua. Tuseme kwa nyuzi 35 unapata kasi ya 10.5. Umbali ni mita 12.91, karibu mita nzima ya ziada. Ndiyo maana warushaji wakubwa huliachia tufe kwa nyuzi thelathini na kitu.

Na upepo wetu? Chuma kile hakiujali sana. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yake nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia 10 hivi, lakini kwa tufe tofauti ni ndogo mno. Mpira wa miguu ni habari nyingine. Ukinzani wa hewa hutegemea kasi nzima, ya mlalo na ya wima kwa pamoja, kwa hiyo ile milinganyo miwili inaanza kujuana, na kijiti hakitoshi. Hiyo tuliiacha kwa ajili ya kompyuta, siku umeme utakapokuwepo.