Uwajibikaji haujatoka kwenye "jibu"

Nimesikia tena mtu anasema akili mnemba itaongeza uwajibikaji kwenye usalama wa taifa kwa sababu kila inachofanya kinabaki kwenye rekodi, na hii si mara ya kwanza wala ya tano, kwahiyo acha niandike.

Uwajibikaji ni pale mwenye mamlaka anapoweza kuulizwa na waliompa hayo mamlaka, akalazimika kujieleza, na maelezo yasiporidhisha kuna kitu kinampata. Basi, maana ndo hiyo.

Sasa shida inapoanzia. Wengi wanadhani neno limetoka kwenye "jibu", kwamba anayewajibika ni anayetoa majibu. Hapana. Yote mawili asili yake Kiarabu ila mizizi ni tofauti, wajibu ni w-j-b, jambo la lazima, na jibu ni j-w-b, konsonanti zilezile tatu zimepangwa vingine tu. Mtu akichanganya hapo anapotea kabisa, maana mashine inatoa majibu usiku na mchana, tena haraka, kwahiyo anaona inawajibika. Lakini wajibu ni mzigo na lazima uwe na mbebaji. Afu angalia kitenzi chenyewe: kuwajibika unaweza peke yako, na dhamiri yako. Kuwajibishwa lazima kuwe na mtu upande wa pili mwenye nguvu ya kukufanya hivyo, na demokrasia inadai hiyo ya pili.

Chukulia mchambuzi yuko mbele ya skrini, limetokea jina la mtu na pembeni alama 0.87, yaani kiwango ambacho mfumo wa akili mnemba unamshuku, kati ya 0 na 1, anabonyeza "thibitisha", linakuja jina lingine, anabonyeza tena. Miezi baadaye kamati ya bunge inauliza nani aliamua huyu akamatwe. Mchambuzi anasema mfumo ulionyesha, mkuu wake anasema kulikuwa na binadamu aliyethibitisha, kampuni iliyoutengeneza inasema hiyo ni siri ya biashara. Majibu matatu hayo, rekodi zote zipo, na mzigo uko chini hakuna aliyeubeba.

Wengine wanakuja na hoja kwamba usalama ni siri, kwahiyo uwajibikaji hauwezekani. Huko ni kuchanganya na uwazi. Kamati ya ujasusi ya Seneti ya Marekani iliundwa 1976 baada ya uchunguzi ulioongozwa na Seneta Frank Church, na vikao vyake vingi ni vya faragha, ila wakuu wa ujasusi wanaitwa na wanahojiwa. Wananchi hawasikii kila kitu lakini kuna waliowachagua wao ambao wanasikia na wanaweza kubana.

Na tusijifariji kwamba sheria za akili mnemba zimeshamaliza hili, ile ya Umoja wa Ulaya ya 2024 kifungu cha 2 kinaiacha nje mifumo inayotumika kwa ajili ya jeshi, ulinzi au usalama wa taifa pekee. Yaani palepale penye bunduki na siri za taifa ndipo sheria hiyo haifiki, inabaki kazi ya mabunge na mahakama za kila nchi.

Kwahiyo ndugu yangu, kama mfumo unatunza rekodi sema unatunza rekodi, ni jambo zuri na mimi nalitaka. Kama unaonyesha umefikaje kwenye ile 0.87, sema unaelezeka. Ila uwajibikaji uulizie kwa yule aliyeidhinisha utumike.