Hisa mpya: nini huwavuta wanunuzi?

Kampuni inapotangaza kuuza hisa kwa umma kwa mara ya kwanza, akina mama wa vikoba hapa Tanga hutuuliza kwanza: "Hisa moja shilingi ngapi?" Wengi huona ya 500 ni rahisi kuliko ya 5,000. Tupige hesabu ya mfano. Kampuni yenye hisa milioni 100 za shilingi 500 ina thamani ya shilingi bilioni 50. Nyingine ina hisa milioni 4 za shilingi 5,000, yaani bilioni 20. Ikiwa kila moja hupata faida ya bilioni 2 kwa mwaka, ya kwanza unainunua kwa faida ya miaka 25, ya pili kwa miaka 10. Ya 5,000 ndiyo rahisi.

Jina nalo huvuta. Aliyekulia Pongwe haelezwi Tanga Cement ni nani. Lakini jina peke yake halileti maombi ya kutosha kumaliza hisa zote: Vodacom Tanzania ilipouza hisa kwa shilingi 850 mwaka 2017, kwa sababu sheria ilizitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa zao kwa umma, wanunuzi wa ndani hawakutosha na mlango ukafunguliwa kwa wageni.

Kwa Safaricom ya Kenya, mwaka 2008, ilikuwa kinyume chake. Hisa ziliuzwa shilingi 5 za Kenya, na maombi yakazidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara nne. Hapo pana jambo ambalo magazeti hulipita haraka. Mtu akijua hisa zitagawanywa kwa uwiano, yaani kila mwombaji apate sehemu tu ya alizoomba, huomba nyingi kuliko anazotaka, wengine kwa mkopo wa benki. Kwa hiyo sehemu ya kiu ile haikuwa ya kweli. Waliokopa walipata hisa chache huku riba ikihesabiwa kwenye mkopo wote, na kabla mwaka haujaisha bei ilikuwa chini ya shilingi 5.

Kwenye waraka wa matarajio, yaani kijitabu ambacho kampuni hutoa kueleza uuzaji wa hisa zake, tafuta ukurasa unaoeleza fedha zinakwenda wapi (wengi huuruka, ni mkavu kweli). Zikiingia kwenye kampuni, uliza zitajenga nini. Zikienda kwa mwenye hisa anayeuza, kama zilivyokwenda kwa serikali ya Kenya wakati wa Safaricom, kampuni yenyewe haipati mtaji mpya, basi muulize dalali wako wa hisa kwa nini mwenye hisa huyo anauza sasa.