Kuwapenda watoto hakutoshi

"Anayewapenda watoto hahitaji kanuni za maadili." Kauli hii husikika sana kuhusu walimu wa chekechea, nayo si kweli. Upendo ni wa lazima, lakini haumwambii mwalimu afanye nini pale watu wawili wenye haki wanapovutana.

Chukua jambo la kila siku. Mtoto wa miaka 3 ameng'atwa mkononi, alama za meno bado zinaonekana. Mama anakuja kumchukua, anauliza: "Mwalimu, nani kamng'ata mwanangu?" Huruma inataka kumtajia jina. Maadili ya kazi yanakataa. Mwalimu anamweleza yote yanayomhusu mwanawe: ilitokea saa ngapi, jeraha lilisafishwaje, hatua gani zimechukuliwa lisijirudie. Jina la yule mwingine halitoki, maana naye ni mtoto, na familia yake imemwamini mwalimu huyohuyo. Mama anaweza kuondoka amenuna, na namwelewa kabisa. Lakini siku mwanawe atakapokuwa ndiye aliyeng'ata, ukimya uleule utamlinda yeye.

Wengine hudhani maadili ni kumtii mzazi kwa kila kitu. Hapana. Kanuni za NAEYC, chama cha Marekani cha elimu ya watoto wadogo, zinatanguliza sharti moja juu ya mengine yote: mtoto asidhuriwe. Kwa hiyo mzazi akiagiza mwanawe achapwe, au anyimwe chakula kwa sababu ya utundu, mwalimu anakataa kwa heshima, kisha anakaa naye watafute njia nyingine.