Alama ya volkano kwenye barafu si mstari mweusi

Wengi hudhani mtaalamu huangalia mche wa barafu (nguzo ndefu ya barafu iliyochimbwa kwenda chini, tabaka kwa tabaka) kutoka Greenland au Antaktika, akaona mstari wa majivu, basi mwaka umepatikana. Mara nyingi hakuna mstari wowote. Kilichobaki ni asidi ya salfa, isiyoonekana kwa macho. Hugunduliwa kwa umeme, maana barafu yenye asidi huupitisha vizuri zaidi. Na tabaka moja halitoshi, kwani asidi haisemi jina la mlima ulioitoa. Kinacholinganishwa ni mpangilio: mlipuko wa Tambora, volkano ya Indonesia, 1815, na kabla yake mlipuko wa 1809, ambao hadi leo haijulikani ulitokea wapi (lakini alama yake ipo ncha zote mbili za dunia!). Jozi hiyo ikionekana, tarehe huhamishwa kutoka mche wenye matabaka ya kila mwaka yanayohesabika hadi ule wa theluji haba, kama wa Dome C, Antaktika, ambako matabaka ya mwaka hayahesabiki.