Amira, sukrosi na rafinosi: kasi ya kimeng'enya hupimwaje?

Kuonyesha kwamba kimeng'enya hakiendi kasi ileile kwa kila sabstreti (dutu kinayoifanyia kazi), maabara ya shule hapa Tabora inaweza kuanza na amira kavu ya dukani. Loweka gramu 5 katika mililita 50 za maji ya vuguvugu kwa dakika 20, kisha chuja. Maji yaliyochujika yana invatesi, kimeng'enya kinachokata sukrosi kuwa glukosi na fruktosi.

Andaa sukrosi (sukari ya kawaida) ya milimola 100 kwa lita: gramu 3.42, ongeza bafa ya asetati (myeyusho unaozuia pH kubadilika) ya pH 4.7 hadi mililita 100. Rafinosi na maltosi, sukari nyingine mbili za kulinganisha, ziwe za kiwango hichohicho, lakini soma lebo kwanza. Rafinosi kwa kawaida huuzwa ikiwa na maji ndani ya fuwele, hivyo utapima gramu 5.94.

Kinachoharibu jaribio mara nyingi ni kipimo. Myeyusho wa Benedict, unaoonyesha sukari kama glukosi na fruktosi lakini si sukrosi wala rafinosi, hubadilika rangi kwa maltosi hata kabla hujatia amira, kwa hiyo hapo tumia kijiti cha kupimia glukosi kwenye mkojo. Kijiti hicho nacho hakifai kwa rafinosi: invatesi hukata fruktosi ya pembeni na kuacha melibiosi (sukari ya sehemu mbili), glukosi huru haitoki, kijiti kinabaki vilevile ilhali kazi imefanyika! Rafinosi ipime kwa Benedict. Invatesi haikati maltosi; ikionyesha glukosi kidogo, shuku maltesi (kimeng'enya cha maltosi) iliyovuja kutoka kwenye seli za amira.

Ukitaka namba, tumia DNS (kitendanishi kinachobadilika rangi kwa sukari zilezile zinazoonyeshwa na Benedict) na kolorimita, kipima ukolevu wa rangi, ya nanomita 540, ukichukua sampuli za dakika chache za mwanzo tu.

Usilinganishe sabstreti kwa kiwango kimoja. Km, yaani kiwango cha sabstreti ambapo kasi ni nusu ya kasi ya juu kabisa (Vmax), ya invatesi kwa sukrosi ni takribani milimola 25 kwa lita. Kwa rafinosi ni kubwa zaidi. Tuseme Vmax ya sukari zote mbili ni ileile, na Km ya rafinosi ni 125. Kwenye milimola 100 tofauti ya kasi haifiki mara mbili. Kwenye milimola 10 inakaribia mara nne. Pima viwango vitano au sita, kisha linganisha Vmax/Km. Sukrosi nzito kupita kiasi hupunguza kasi, kwa hiyo usizidishe.

Kimeng'enya cha nyuki kwenye asali yetu hushika upande wa glukosi: hukata sukrosi na maltosi, rafinosi hukiacha. Ila asali mbichi imejaa glukosi na fruktosi tayari, na kila kipimo kitaonyesha sukari papo hapo. Iweke kwanza kwenye mfuko wa dayalisisi (utando unaopitisha sukari na kubakiza kimeng'enya), ndani ya bafa baridi, sukari zitoke.