"Si Mchimbe Tu Mto?" Dhana Potofu Kuhusu Mafuriko ya Bonde la Msimbazi

Kila mkutano wa mtaa ninaoitwa kando ya Mto Msimbazi, Dar es Salaam, uwe Kigogo, Magomeni Suna au Hananasif, mwenyekiti hajamaliza hata kufungua kikao, tayari kuna mkono umenyooshwa huko nyuma: "Injinia, huu mradi wa kuzuia mafuriko ya Msimbazi, mabilioni yote hayo ya nini? Si mchimbe tu mto uwe na kina, maji yapite?" Watu wanapiga makofi. Kazi yangu ni mahesabu ya maji ya mvua, na swali hili nimelijibu kwa upole, nimelijibu kwa michoro ukutani, na makofi hayapungui. Leo naliandika.

"Mto ukichimbwa, mafuriko yameisha."

Tuanze na mchanga wenyewe. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe na kuteremka kilomita kama 35 hadi baharini, pale Daraja la Salenda. Kule juu ardhi ni ya kichanga, na mji umeshafika: miti imekatwa, viwanja vimesawazishwa kwa katapila, barabara nyingi za mitaa ni za udongo mtupu. Mvua ikipiga, udongo huo unashuka na maji. Maji yenye kasi yanaweza kubeba mchanga, yakipoa, yaani yakipunguza kasi, yanautua. Na yanapopoa ni pale bonde linapotandaa, kuanzia Kigogo kushuka Jangwani.

Sasa ukichimba shimo Jangwani umefanya nini? Umepanua nafasi, maji yanazidi kupoa, mchanga unazidi kutua. Umeutengenezea mchanga kituo. Anayebisha akumbuke lile daraja la zamani la Barabara ya Morogoro. Katapila zimechimba chini yake msimu baada ya msimu, na kila mara nafasi ya maji kupita inaziba upya. Ukichimba halafu ukaacha rundo ukingoni, mvua ya kwanza inaurudisha mchanga mtoni bila nauli.

Tuseme mchanga haurudi. Tupige hesabu ya darasa la saba. Milimita 1 ya mvua juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita za ujazo 1,000 za maji. Msimbazi na vijito vyake vinakusanya maji kutoka eneo linalozidi kilomita za mraba 250. Mvua ya milimita 100 ikinyesha eneo lote hilo, ni mita za ujazo milioni 25. Nusu ikinywewa na ardhi, zinabaki milioni 12.5 zinazotafuta njia ya kwenda baharini. Wewe umechimba kilomita 4 za mto, upana mita 30, umeongeza kina mita nzima: umepata nafasi ya mita za ujazo 120,000. Haifiki asilimia 1. Na milimita 100 si mvua ya kutisha. Tarehe 20 Desemba 2011 Dar es Salaam ilipata zaidi ya milimita 150 kwa siku moja, na mafuriko ya siku zile yaliua watu zaidi ya 40.

Hapo mjanja mmoja huniambia mto si tanki, maji hayakai, yanapita. Kweli kabisa. Yanapita kwenda wapi? Baharini. Na bahari nayo ina ratiba yake. Muulize mvuvi yeyote: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji ya Dar hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na kati ya kujaa na kupwa kimo kinapishana zaidi ya mita 3. Jangwani iko juu kidogo tu ya bahari. Mvua kubwa ya Pugu ikifika Salenda wakati bahari imejaa, maji ya mto yanakuta mlango umezibwa na maji mengine, yanarudi nyuma na kutanda bondeni. Kina hakisaidii hapo. Ukichimba mpaka chini ya usawa wa bahari, sehemu uliyoongeza inajazwa na maji ya chumvi hata siku ambayo hakuna wingu.

Kwa hiyo ndiyo, mradi unachimba, sikatai. Ila unachimba pamoja na kupanua njia ya mto, kunyanyua kingo, kuondoa watu katikati ya bonde na kujenga daraja jipya la Jangwani la urefu wa mita 390, ili maji yapite chini yake kwa upana badala ya kubanwa kwenye tundu. Fedha kubwa ni mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 200 zilizoidhinishwa mwaka 2022, nyingine ni za Uhispania na Uholanzi, na msimamizi ni TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini. Ukiniuliza mimi, sehemu ya kuamua yote ni ile isiyopigwa picha: kuzuia udongo usishuke kutoka Pugu, Kinyerezi na Segerea. Huko juu kukiachwa kulivyo, katapila zitarudi Jangwani milele.

Na wale vijana wanaochimba mchanga wa kuuza, mnaosema wanausaidia mto? Wanachimba karibu na kingo, kwa sababu ndiko tipa linakofika. Ukingo unakosa mguu, unaporomoka, udongo wake unaingia mtoni. Baadaye nyumba ya jirani inaning'inia, analaumiwa Mungu.

"Mradi unamwaga kifusi, na mimi ninyanyue kwangu."

Hili linafuata kwa kunikera. Mradi ukinyanyua eneo, umeshatoa udongo sehemu nyingine ya bonde hilohilo, kwa hiyo nafasi ya maji haipungui. Wewe umeleta tipa nane za kifusi kutoka Goba ukazimwaga ukingoni. Nafasi uliyoiba maji yataidai kwa mama wa ng'ambo ambaye hana hela ya kifusi. Isitoshe, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni, hata kama mjumbe amekupigia muhuri.

"Mafuriko ya miaka 50 yalishapita 2011, tupumzike hadi 2061."

Mvua haina kalenda hiyo. Mvua ya miaka 50 maana yake kila mwaka kuna uwezekano wa asilimia 2. Ukiishi bondeni miaka 30, uwezekano wa kuiona angalau mara moja unakaribia asilimia 45. Mwezi Aprili 2018 watu walizikana tena.

"Tatizo ni takataka tu."

Takataka zinaziba mitaro na makalavati, na huko ndiko zinakojaza maji mtaani mwako. Zisitupwe. Lakini mto mzima ukishuka na maji ya Kisarawe, haujazwi na chupa za plastiki.

"Wangejengea zege mto wote."

Zege linakimbiza maji. Ukijengea juu yote, maji yaliyokuwa yakifika Jangwani kwa saa kadhaa yatafika yote kwa pamoja. Mlioko chini, msiombe hilo.

"Huku jua linawaka, hakuna shida."

Pigia simu mtu wa Pugu. Mvua ya kwake ndiyo inayoshuka kwako.

"Wanatutoa ili ardhi wapewe matajiri."

Kwamba sehemu ya ardhi itakayonyanyuliwa imepangiwa majengo si siri, imo kwenye michoro. Ulizeni nani atapewa na kwa bei gani, ni haki yenu. Ila eneo la chini mlipo sasa hakuna hesabu inayolifanya liwe la kulala watu.

Mnaokaa juu, Tabata hadi Kinyerezi, nanyi mna lenu. Acheni kusakafia uwanja mzima kwa zege kama maegesho ya benki. Wekeni kokoto au nyasi, na bati lishushe maji kwenye simtanki kabla ya kuyaachia mtaroni. Bati la mita za mraba 100 kwenye mvua ya milimita 50 linatoa lita 5,000, na mnanunua maji ya boza mwezi unaofuata.

Jambo la mwisho nalisema mapema ili nisije kupigiwa simu. Bustani itakayowekwa bondeni itafurika. Viti vitalowa, uwanja wa mpira utakuwa bwawa kwa siku kadhaa, na kuna mtu atapiga picha na kuandika kwamba hela zimeliwa. Pale pamepangwa pafurike. Siku hiyo ulizeni kama mabasi ya mwendokasi yalipita Jangwani na kama Hananasif walilala majumbani mwao. Kama hayakupita, njooni mkutanoni mnizomee.