Je, wajua? Tabora iko juu kuliko Dodoma, mbona mvinyo unatoka Dodoma?

Uwanja wa ndege wa Tabora uko karibu mita 1,180 juu ya usawa wa bahari, wa Dodoma mita 1,119. Aliyesikia kwamba zabibu za mvinyo hupenda nyanda za juu ana haki ya kuuliza: kwa nini basi Unyamwezini tunajulikana kwa asali na tumbaku, zabibu tukawaachia Wagogo?

Tuanzie mbali, kwenye shamba ambalo urefu wake hauna ubishi. Bodega Colomé, jimbo la Salta huko Argentina, ilianza 1831, na mwaka 2001 ikaingia mikononi mwa familia ya Hess ya Uswisi. Shamba lao la Altura Máxima liko mita 3,111, yaani juu kuliko kibanda cha Mandara pale Kilimanjaro! Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka nyuzi sita hivi. Jua la mchana, hata hivyo, huchoma zaidi, maana hewa ni nyepesi na mionzi ya urujuanimno hupita kwa wingi. Zabibu hujikinga kwa kunenepesha ganda na kulijaza rangi. Usiku nao una kazi yake. Tunda hupumua, na likipumua huunguza asidi yake. Usiku ukiwa wa joto, asidi hupungua upesi ukabaki na utamu mtupu. Baridi huizuia isipotee, ndiyo maana mvinyo wa milimani huwa na rangi nzito na uchachu wa kuchangamsha ulimi.

Sasa turudi nyumbani. Mita 60 si kitu. Kinachotutenga na Dodoma ni mvua. Wenzetu hupata takriban milimita 570 kwa mwaka, sisi karibu 950. Kwa miombo na nyuki hiyo ni neema (wanzuki wetu, pombe ya asali, unatoka humo), ila mzabibu wenye majani yasiyokauka hushikwa na ubwiri (ugonjwa wa ukungu), na tunda linaloivia mvuani hupasuka likaoza.

Tena, karibu na ikweta hakuna kipupwe cha kuulaza mzabibu kama Salta. Msimu huamuliwa na mkasi: ukipogoa, mti huchipua upya. Kwa njia hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka. Mtu wa Tabora anayetaka kujaribu apogoe Mei, mvua zikishakatika, amwagilie kiangazi chote, avune kabla ya Novemba. Mizabibu michache ya uani inawezekana. Ekari kumi, apige kwanza hesabu ya maji na dawa ya ukungu.